Karakana ya Fundi Mapipa

Wanaume wanne walikuwa wamepiga magoti ndani ya duka la kamari la mji wa Clonderra, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akisali. Walikuwa wakibandua zulia.

"Polepole, Fintan!" alilalama mwenye duka. "Zulia hilo bado jipya."

"Jipya?" alijibu Fintan Geraghty, mwenyekiti wa Chama cha Historia. "Lina umri kumshinda farasi uliyenishauri nimwekee dau wiki jana, na yule bado yuko njiani anakuja."

Kando ya dirisha alisimama Concepta Tuohy, mikono juu ya mkoba wake, mtulivu kama mtu anayesubiri chai iive. Ndiye aliyesababisha purukushani hiyo.

Chama kilikuwa kikikamilisha kitabu cha kumbukumbu za mji: mfua misumari, wasokota kamba, jumba la soko lililobomolewa ili magari yapate pa kuegeshwa. Majina ya wasimulizi yangechapishwa katika ukurasa wa kwanza, chini ya maneno *Wenyeji Wanaokumbuka*. Concepta alitaka jina lake liwe hapo. Rafiki zake waliostahili kuandikwa walikuwa wamekwisha kuzikwa, na hadithi zao zilikuwa zimebaki kwake peke yake.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Concepta alikuwa mgeni.

"Si kwamba tunakudharau, mama," Fintan alikuwa amemwambia kikaoni asubuhi ile. "Umeolewa hapa, umezika mume hapa, na keki zako tunazila. Lakini mgeni ni mgeni. Huko kwenu si mlikuwa na mafundi wenu?"

"Tulikuwa nao," alikiri Concepta. "Hata mvua tulikuwa nayo."

Watu walicheka. Mzee Malachy Hession, aliyekuwa na miaka tisini na masikio mabovu, aliongeza kwamba lafudhi ya mama huyu haijanyooka mpaka leo.

Ndipo ulipozuka ubishi kuhusu karakana ya Hanratty, fundi mapipa wa mwisho. Fintan alishikilia kwamba ilikuwa ubavuni mwa posta; kibao cha shaba kilikuwa kimekwisha kuagizwa kwa ajili ya ukuta huo. Concepta alisema ilikuwa hapa, lilipo duka la kamari.

"Nikikosea, sitaomba tena," alisema. "Nikipatia, mniandike."

"Ushahidi uko wapi?"

"Fundi mapipa hukunja mbao kwa moto. Huwasha maranda ndani ya kikapu cha chuma, kisha hulisimamisha pipa juu yake mpaka mbao zilainike. Kikapu cha Hanratty kilikaa sakafuni, palepale, miaka arobaini. Bandueni zulia, mlisikie jiwe linasemaje."

Sasa zulia liliachia kwa mlio wa gundi kuukuu. Chini yake mlikuwa na plastiki, chini ya plastiki magazeti, na chini ya magazeti bamba la jiwe. Juu ya jiwe hilo, jeusi kama lami, lilikuwapo duara la ukubwa wa kitako cha pipa.

Malachy alivua kofia kama mtu aliyepishana na jeneza.

"Haya, Bwana Mwenyekiti," alisema Concepta.

Fintan alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa haki, na siku hiyo haki ilimwuma hadi magotini.

"Umetushinda, mama. Utaandikwa ukurasa wa kwanza, pamoja nasi." Akakohoa. "Ila chini ya mstari. *Na mgeni mmoja*. Wasomaji hatuwezi kuwadanganya."

"Mstari mnene au mwembamba?"

"Mwembamba kabisa. Kama uzi."

"Basi nimekubali."

Dervla, katibu wa chama, alifungua daftari lake juu ya meza ya dau. Alikuwa amehamia mjini mwaka uliopita tu, na taratibu za wenyeji bado zilimpa taabu.

"Kwa wageni inabidi niandike walikotoka," alisema kwa haya. "Wewe ulitoka wapi, Bi Concepta?"

Concepta alinyoosha kidole dirishani, kuvuka daraja la mawe, hadi kwenye mlango wa kijani ng'ambo ya mto, uliokuwa ukionekana vizuri hata bila miwani.

"Na ulihamia lini?"

"Hapo kumbukumbu zinanipiga chenga," alisema. "Nilikuwa na umri wa siku tisa."