Fisi na Goti la Nahodha

Wanyama wa mbugani nao walikuwa na ligi yao. Msimu haujaanza, nahodha Swala akaumia goti mazoezini, na mashabiki waliokaa pembeni ya uwanja wakageuka makocha.

"Avuliwe kitambaa," alisema Kasuku, ambaye hajawahi kugusa mpira. "Nahodha gani anaumia kabla ya ligi?"

"Apewe Nyumbu," alisema Ngiri. "Akili hana, lakini mbio anazo."

Fisi akasimama na jezi yake ya timu. "Nyie ni mashabiki wa ushindi tu. Mimi Swala simwachi."

Na kweli hakumwacha. Kila asubuhi alifika kabla ya daktari, akaliangalia lile goti kwa huruma, akamsihi mgonjwa asijilazimishe kukimbia. Swala alimshukuru mpaka machozi yakamtoka.

Goti lilipopona, Swala aliuzunguka uwanja mzima kwa mbio. Wote walishangilia isipokuwa Fisi, aliyevua jezi taratibu.

"Timu hii imekosa uongozi," alisema.

Jioni hiyo alionekana kwa watani wao wa jadi, amevaa jezi yao, akimpa pole kipa aliyeanza kuchechemea.