Vidole vya Mzee Kibwana

Siku nyumba ya marehemu Mzee Kibwana, mvumbuzi wa pampu ya upepo, ilipofunguliwa kuwa makumbusho, binti yake Tunu aliushika mkono wa sanamu ya baba yake, akashtuka.

"Mmekosea," alimwambia mwongozaji, mama mpole aitwaye Nasra. "Baba hakuwa na kidole cha shahada. Mkono huo ndio uliokuwa ukinibeba nikiugua utotoni."

Nasra akampeleka kwenye picha ukutani. Mzee Kibwana alikuwa ameikumbatia pampu yake kwa mikono miwili, na vidole vyote vilionekana.

"Hii ilipigwa mwaka aliofariki, dada."

Tunu akaisogelea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Uso ulikuwa wa baba, hapana shaka. Lakini ule mkono wenye pengo, uliompapasa mgongo mpaka homa ikashuka, haukuwa ndoto.

"Basi yule alikuwa nani?"

Mlangoni wazee wa mtaa walikuwa wakiingia, wakimnyooshea Tunu mikono kumpa hongera. Akawapokea mmoja mmoja, macho yakitangulia kwenye vidole kabla ya kupanda usoni.