Redio Iliyovuka Mto

Hapana jamani, mtambo haukuharibika. Sengasu mwenyewe, mwenye redio ya huku kwetu, ndiye aliyeuongeza nguvu kupita kibali chake, ili redio yake isikike ng'ambo ya mto. Ikasikika kweli, ikaimeza redio ya kule, ile inayotangaza vifo kila mchana. Bi Namkunda wa ng'ambo akakosa tangazo, kaka yake akazikwa yeye hayupo.

Siku ya tatu Sengasu akaenda msibani, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

“Dada, ni mimi niliyekukosesha maziko.”

“Najua. Nilifungua redio nisikie habari, nikakuta wewe unacheka na taarabu zako.”

Sengasu akainama. Wali ulishaletwa, watu wamesimama tu, wakingoja Bi Namkunda atamkaribisha au atamfukuza.

Bi Namkunda akachukua birika, akammiminia maji mikononi, muda mrefu, bila kumtazama. Ndipo wote wakakaa kula.