Fundi wa Mashine Mbili

Kilichomshangaza fundi kwanza ni miswaki. Ilikuwa minane, imesimama ndani ya kikombe cha bati juu ya kabati la mafaili. Ofisi gani hii watu wanakuja kusugulia meno? Hakuuliza, alikuwa na haraka. Leo Alhamisi saa kumi anakwenda kuchukua suti kwa fundi cherehani, na Jumamosi anaoa.

"Kwa hiyo tuwahi," alimwambia msimamizi, mama mnene aliyening'iniza funguo shingoni. "Nikichelewa, mama mkwe atanila mbichi."

"Hongera, baba." Msimamizi alimtazama kwa huruma kidogo. "Ile karatasi ya getini ulisaini?"

"Nilisaini."

"Uliisoma?"

"Mama, mimi nikianza kusoma karatasi za getini, mpaka sasa si ningekuwa bado niko getini?"

Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake. Simu ilibaki kwa mlinzi. Madirisha yalipigiliwa mbao, na feni ilizungusha joto lile lile. Fundi hakuwahi kupenda nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Tatizo lenyewe halikuwa geni kwake. Chumba hiki kilikuwa na kompyuta ya Windows iliyoendesha mtambo wa kuchapa. Chumba cha pili kilikuwa na kompyuta ya Linux ya mpiga chapa, na kazi yote ilikaa humo kwenye folda moja. Tangu jana, Windows ilikuwa haiioni ile folda.

"Si mngebeba kwa flashi tu?"

"Flashi ni marufuku humu."

"Na namba yangu mliipata wapi?"

"Mpiga chapa wetu ndiye aliyetupa, mlinzi wa getini akakupigia. Anasema hakuna anayeziweza mashine mbili kwa wakati mmoja kama wewe."

Fundi alivimba kichwa. Kizuri chajiuza. Hata wakwe hawakumpenda bure: mtu mzima mwenye kazi yake, kapera, hana hata mtoto wa nje.

Alipima waya, akatuma ishara kutoka mashine hii kwenda ile, na jibu likarudi. "Waya mzima," alisema. "Zinaonana, ila hazijaoana."

Wanaume waliokuwa wakiuhudumia mtambo walicheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka kama watu ambao hawajasikia mzaha mpya kwa muda mrefu.

Chumba cha pili kilikuwa kitupu. Sweta lilining'inia kwenye kiti, na chai mezani ilikuwa bado inafuka mvuke.

"Ameenda kuoga," msimamizi alisema.

Kuoga, saa sita mchana, kazini! Fundi alitikisa kichwa, akafungua faili la mipangilio na kulisoma mstari kwa mstari. Hakuchukua dakika tano. Mtu alikuwa ameandika humo kwamba mashine ya mtambo isiruhusiwe kuingia. Halafu akabadilisha jina la kikundi, lile ambalo mashine zote mbili zinapaswa kulitumia, akaweka neno WIKIMBILI.

"Hii si hitilafu," fundi alisema. "Huu ni mkono wa mtu, tena aliyefundishwa akafundishika. Kabla ya kugusa chochote, ameweka nakala ya faili la zamani pembeni. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi."

"Labda alikuwa anajaribujaribu," alisema msimamizi.

Fundi alirudisha kila kitu mahali pake, akaiwasha huduma upya, akakimbilia chumba cha kwanza na kubofya. Folda ikafunguka. Kwa uhakika zaidi alifungua faili la kwanza, la pili, la tatu.

"Unaona?" aliuliza msimamizi.

"Naona!"

"Maswali yote?"

"Mpaka la hamsini, mama! Hisabati, sayansi, yote yamekuja..." Akatazama tena kioo. Maswali.

"Ndiyo hivyo, baba. Mtihani wa nchi nzima. Ile karatasi inasema anayeingia humu hatoki mpaka watoto waufanye."

"Wanaufanya lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Mimi Jumamosi naoa!" Aliufikia mlango na kuusukuma kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Chuma hakikutikisika. "Basi nipeni simu, hata dakika moja. Nimwambie mchumba wangu tu."

"Humu hata salamu hazitoki. Pole."

Aliona kadi zilizokwisha kugawiwa, ukumbi uliopambwa, bibi harusi akitazama njia. Machozi yakamlenga. Alilia waziwazi mbele ya wanaume wale, wala hakuona haya.

"Watasema nimemkimbia," alisema, akiegemea mlango. "Jamani, mimi si mtu wa kukimbia mke!"

Kutoka chumba cha pili zilisikika ndala zikiburuzwa taratibu, kisha zikasimama. Mpiga chapa alikuwa mlangoni, mwanamke mwenye nywele zilizolowa maji, mkononi ameshika mswaki mpya ndani ya pakiti yake.

"Karibu, Baba Pacha," alisema. "Uliniaga unakwenda kazini wiki mbili. Mwaka wa nne huu nazisubiri ziishe."