Mji Ambao Watalii Hawajaunusa

Fadrique Salcedo alisimama katikati ya barabara pekee ya Valdetordo, akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. Hapakuwa na basi la watalii. Hapakuwa na duka la fulana. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Hatimaye," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Alikuwa mwandishi wa mvinyo wa jarida moja la Madrid, na kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kudharau watu kwa ufasaha. Aliwadharau wanaomiminika kwenye miji yenye majina makubwa. Aliwadharau wanaotia barafu kwenye mvinyo mwekundu. Lakini mhariri wake, Remedios, alikuwa amemchoka.

"Niletee mji ambao hakuna aliyewahi kuuandika," alimwambia, "na mtu wa kweli ndani yake. La sivyo ukurasa wako nampa yule msichana anayeandika habari za jibini."

Mtu huyo wa kweli Fadrique alimkuta kilimani, kwenye mahandaki ambamo watu wa huko huhifadhi mvinyo. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Mzee mwenye koti lililochakaa alikuwa akitoka na kreti la chupa, akielekea kwenye kigari cha mizigo. Alipomwona Fadrique alisimama ghafla.

"Usiogope, mzee wangu. Mimi si mtalii."

"Afadhali," alisema mzee.

"Wenzako wako wapi?"

"Mashambani, wanavuna zabibu. Mji mzima. Watarudi saa kumi."

"Na wewe huvuni?"

"Kila mtu na mavuno yake, bosi."

Fadrique aliliandika jibu hilo. Aliandika pia habari za glavu za ngozi ambazo mzee alizivaa kwenye joto lile la Septemba, maana alijua watu wa mjini wangezipenda. Akamwuliza jina. Mzee alifikiri kidogo, akasema anaitwa Eutimio.

Ndani ya handaki kulikuwa giza. Eutimio alitangulia na tochi.

"Hamna taa humu?"

"Taa huudhi mvinyo."

Fadrique alicheka kwa raha. Wale wapumbavu wa miji mikubwa walikuwa wamejaza taa za rangi hadi vyooni, na hapa palikuwa na mshamba mmoja anayejua zaidi yao wote. Eutimio alitafuta kizibuo kwenye rafu tatu asikipate. "Mke wangu huhamishahamisha vitu," alinung'unika, akakisukuma kizibo ndani ya chupa kwa kidole gumba.

Fadrique alionja, akafumba macho.

"Naonja jiwe," alisema. "Naonja mvua. Namwonja babu yako."

"Babu yangu alikuwa na miguu michafu."

"Hasa! Una miaka mingapi mvinyo huu?"

Eutimio aliimulika lebo iliyoandikwa kwa mkono, akaisoma polepole. "Kumi na tisa."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

"Mtu mwenye nguvu wa kunisaidia kuutoa," mzee alisema, akitazama saa.

Walipotoka nje, Fadrique alisema anataka kumpiga picha ya jarida lake. Eutimio alikataa katakata.

"Sura hii itawatia wasomaji wako kichefuchefu. Wewe ndiye mtu wa maana. Hebu shika kreti nikupige mimi, uonekane mwenyeji."

Fadrique hakuhitaji kubembelezwa. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasimama mlangoni pa handaki na kreti kifuani. Kreti la kwanza alilibeba kwa ajili ya picha. Yaliyofuata aliyabeba kwa sababu alijihisi ameungana na ardhi. Alibeba kumi na manne, jasho likimtoka, huku Eutimio ameegemea kigari akimsifu.

"Mgongo wangu unakushukuru, bosi. Watu wa mjini hawabebi hivi."

"Mimi si kama wao," alisema Fadrique.

Kabla ya saa kumi kigari kiliteremka kilima kwa mwendo usiofanana kabisa na uzee wa dereva wake.

Makala ilipotoka, Remedios alimpa kurasa mbili badala ya moja. Picha ilijaza ukurasa mzima: Fadrique, mikono ya shati imekunjwa, kreti kifuani, na chini yake jina lake kwa herufi nene. Wasomaji waliandika barua. Msichana wa jibini alirudishwa kwenye jibini lake.

Mwezi Novemba mhudumu wa mapokezi wa jarida alimwambia kuna wageni kutoka Valdetordo. Fadrique alipumua kwa kuchoka. Alijua watakuwa wamekuja kushukuru, na watu wa aina hiyo hawashukuru bila kukuletea soseji.

Waliingia wawili: bibi mmoja mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, na koplo wa polisi aliyeshika kofia mkononi na jarida kwapani. Bibi alijitaja kuwa ni Casilda Barrueco, akimtazama Fadrique usoni bila kupepesa.

Koplo aliliweka jarida mezani, likiwa wazi kwenye ile picha.

"Huyu ni wewe?"

"Mwenyewe." Fadrique alikuwa tayari ameshachomoa kalamu. "Nitie sahihi kwa jina la nani? La mama? Na mzee Eutimio hajambo?"

"Kwetu hakuna Eutimio," alisema bibi. "Na chupa zile niliziweka siku mjukuu wangu alipozaliwa, zije kunywewa kwenye harusi yake."

"Mwenzako hatujui hata sura yake," koplo alisema, akitoa pingu. "Lakini wewe, bwana, umetuandikia mpaka idadi ya makreti."