Chumba cha Karibu na Uwanja

Chumba kilikuwa kizuri, na kutoka hapo Wubit angetembea kwa miguu hadi uwanja wa ndege wa Addis Ababa, alikopata kazi ya kusafisha ndege.

"Wiki ya kwanza hamtalala," mama mwenye nyumba alimwambia bila kuficha, akimtazama yeye na binti yake mdogo. "Ya pili mtakoroma kama sisi. Shika ufunguo, mwanangu."

Wubit alikuwa ameshaupokea wakati ndege ilipopita juu ya paa, vioo vikatetemeka. Binti yake akajitupa sakafuni kifudifudi, na Wubit akamlalia juu kabla hajajua anachofanya.

Walipoinuka, mwenye nyumba hakucheka. "Mmetoka kaskazini, kwenye vita?"

"Ndiyo, mama."

Mwenye nyumba akamshika mtoto mkono, akampeleka uani, Wubit akiwafuata. Ndege nyingine ilikuwa inashuka.

"Tazama tumboni, mrembo wangu. Unaona magurudumu? Hii inaleta watu. Mashangazi na masanduku yao."

"Zile za kwetu hazikuwa na magurudumu," mtoto akasema.

Ndege ikawapita. Safari hii mtoto hakulala chini. Alisimama wima, ngumi kazikunja, macho kayakaza juu, mpaka mngurumo ukaisha.

"Nimezoea, mama," akasema. "Tukae hapa, uwe karibu na kazi."

Mkojo ulikuwa unamchuruzika miguuni, ukiingia kwenye viatu.

Wubit akavua mtandio wake, akamfunga mtoto kiunoni, kisha akarudisha ufunguo.

"Mama, unamjua mtu mwenye chumba mbali na hapa? Hata kama nitapanda mabasi matatu."