Dawa ya Magugu na Mtoto wa Britta

"Tua hilo bomba, Arvid, kabla sijakumwagia mwenyewe!"

Arvid Lindquist hakulitua. Alikuwa amerudi Duluth juzi tu kutoka Arizona, anakokimbilia kila mwaka theluji inapoanza, na kitu cha kwanza alichokikuta ni bustani imejaa magugu ya maua ya njano. Sasa alikuwa na dawa mgongoni, lita kumi nzima.

"Bustani yangu, magugu yangu. Wewe yanakuhusu nini?"

"Upepo unaileta kwangu! Na mtoto wa Britta amebakiza wiki saba!" Marlys, jirani yake kwa miaka ishirini sasa, alikuwa ameshikilia uzio, anahema kwa kushuka ngazi tatu tu.

"Hongera kwa kupata mjukuu, bibie. Lakini mtoto yumo tumboni, ana kondo la nyuma. Ukuta ule! Mungu hakosei ujenzi."

"Ukuta kichwa chako! Kondo ni chujio, tena la matundu. Hiki linazuia, kile linapitisha. Mama akivuta dawa, akinywa pombe, mtoto naye anapata fungu lake. Nesi kanieleza mwenyewe."

Ng'ambo ya barabara watu walishatoka barazani na vikombe vya kahawa. Ugomvi mtamu kama huu hauji kila siku.

Arvid akainua mpini wa bomba apulize. Mlango wa jikoni kwa Marlys ulifunguka, akatoka Britta, binti yake, kavaa sweta pana, mkononi kopo la bia. Akapiga funda refu, akafuta mdomo.

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Pombe inapita, eh? Haya, mfokee na huyo! Ukimaliza, uje kwangu!"

Barazani nako wakaangua kicheko, ila hakuna aliyekuwa akimtazama Britta. Wote walikuwa wakimtazama Arvid.

Marlys wala hakukasirika. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Akafungua zipu ya koti kubwa la marehemu mumewe.

Kicheko cha Arvid kikakatika. Polepole akavua bomba mgongoni, akaliweka chini.

Britta akaja, akaweka kiganja juu ya tumbo la mama yake, duara kama tikiti.

"Umenibebea vizuri miezi yote hii, mama, usinimalizie kwa ugomvi. Ingia ule, mwanangu ana njaa. Na wewe mzee, nawa mikono uje."